Tanga, Arusha, Nairobi na Longido: Kutafuta Shoo ya Land Rover 109

Maelezo haya nimeyaandika baada ya kurudi Tanga, kwa kutumia daftari dogo la mfukoni na picha za simu. Bei zote ni zile tulizolipa au kutajiwa wenyewe mwezi Julai, na saa zote ni za Kiswahili. Gari linalohusika ni pikapu ya Land Rover 109, Series IIA ya mwanzoni, yaani ile ambayo taa zake kubwa zimekaa ndani, pande mbili za rejeta, badala ya kukaa kwenye madigadi. Aliyeniuzia hakuwa na shoo ya mbele, yaani ule wavu unaoikinga rejeta. Mahali pake alikuwa amefunga wavu wa banda la kuku kwa waya wa kufungia nondo. Shemeji yangu naye ana Land Rover ya Series III, toleo lililofuata, ambayo shoo yake ya plastiki ilipasuka vipande vitatu alipogongwa na mkokoteni sokoni. Tulivitia vipande vyake kwenye gunia, tukachukua na boksi gumu nililokuwa nimelikata kwa kufuata umbo la paneli ya rejeta ya gari langu, pamoja na matundu yote ya skrubu, tukaondoka na pikapu yangu. Gari la shemeji lilibaki nyumbani.

Kwa atakayefuata njia hii, boksi hilo ndilo lililotusaidia kuliko kifaa kingine chochote. Picha ya simu humwonyesha muuzaji unachotaka, lakini haimzuii kukuambia kwamba alicho nacho "kitaingia tu". Boksi likiwekwa juu ya shoo, ubishi huisha hapohapo.

Jumatatu: Tanga hadi Same

Tulitoka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Injini ya petroli ya lita 2.25 haipendi kuharakishwa, kwa hiyo tulikwenda kilomita 60 kwa saa na kuyaachia mabasi na malori barabara yao. Muheza tulinunua fungu la machungwa kwa shilingi 2,000, Segera tukanywa chai na maandazi, na kati ya Segera na Korogwe hakuna la kusimulia isipokuwa mkonge. Askari wa barabarani alitusimamisha, akazunguka mbele ya gari, akautazama ule wavu wa kuku kwa muda mrefu kuliko alivyoitazama leseni yangu, kisha akauliza kama tunapeleka mayai. Alituruhusu tuendelee.

Baada ya Mkomazi tulikaa nyuma ya lori lililobeba mabua makavu ya mahindi, nalo likawa linapukutisha maganda njia nzima. Karibu na Hedaru mshale wa geji ya joto ulianza kupanda, nikaegesha pembeni. Wavu ulikuwa umelegea na kusukumwa na upepo hadi ukagusa rejeta, na maganda yalikuwa yamejipanga kati ya viwili hivyo kama vigae vya paa, kiasi kwamba hewa haikuwa na pa kupita. Hapo ndipo shemeji, ambaye tangu Tanga alikuwa akisema kwamba shoo ni pambo, alipoacha kusema hivyo. Shoo halisi ya Land Rover ya zamani ni wavu mgumu wa waya uliosimama mbali kidogo na rejeta. Mawe na matawi huishia hapo, na takataka nyepesi zikinasa unazipangusa kwa mkono bila kugusa mapezi ya rejeta.

Tulikuwa na lita tano tu za maji, na zilihitajika ndani ya rejeta. Mama mmoja aliyekuwa anauza vitunguu kando ya barabara alituona tukihangaika, akamtuma mwanawe alete ndoo nzima ya maji kutoka nyumbani. Yeyote aifahamuye Hedaru anajua ndoo ya maji huko ina thamani gani. Alikataa fedha, akakubali tu tununue vitunguu, nasi tukanunua kuliko tulivyohitaji.

Rejeta iliyojaa takataka inamwagiwa maji kutoka upande wa injini kuelekea mbele, ili uchafu utoke kule ulikoingilia. Ukimwagia kutoka mbele unazidi kuukandamiza katikati ya mapezi. Injini iachwe ipoe kwanza, na mfuniko wa rejeta usifunguliwe kukiwa na joto.

Tulifika Same jioni, upepo ukivuma kama kawaida yake. Chumba kilikuwa shilingi 20,000, wali maharage na mchicha 3,000.

Jumanne: Moshi

Kutoka Same hadi Moshi tulipita Mwanga na Himo bila tukio. Asubuhi ile tulikula mtori karibu na stendi kwa shilingi 3,000 kila mmoja, kisha tukaenda kwa fundi anayeunga mabampa ya plastiki katika kibanda cha mabati. Shemeji alikuwa ameelekezwa kwake na dereva wa daladala.

Shoo ya plastiki ilikuja na Series III mwaka 1971, na ikaendelea hadi toleo hilo lilipokoma mwaka 1985. Kabla ya hapo zilikuwa za waya. Plastiki haishiki kutu, lakini ikipigwa na jua la miaka mingi hukauka na kuvunjika kwa kishindo kidogo tu. Fundi hakuanza na gundi. Aligeuza kipande kimoja, akadondosha tone la asetoni upande wa nyuma usioonekana, akasubiri, kisha akagusa kwa kidole: palikuwa pananata. Alitueleza kwamba plastiki inayonata hivyo, inayojulikana kwa herufi ABS, inaungika kwa asetoni. Isiyonata, kama ile ya mabampa mengi ya siku hizi, haitashika, nayo inahitaji kuyeyushwa kwa chuma cha moto na kuongezewa plastiki ya aina yake.

Kutoka kwenye chupa ya kioo alimimina mchanganyiko mzito mweusi. Ulikuwa ni vipande vidogo vya ABS, vilivyokwanguliwa kutoka shoo nyingine iliyokufa, vikaachwa kwenye asetoni usiku kucha hadi vikayeyuka. Alisafisha kingo za mipasuko kwa msasa, akazipaka asetoni tupu hadi zikalainika, akazibana pamoja juu ya ubao kwa vibanio vya nguo, kisha akapaka ule mchanganyiko upande wa nyuma. Baada ya hapo alikata vipande vyembamba vya wavu wa shaba, akavilaza juu ya kila kiungo na kuvizamisha taratibu ndani ya plastiki kwa chuma cha kulehemu. Sababu yake ilinipendeza: gundi inashika plastiki, lakini mtikisiko wa chesesi ya Land Rover unashikwa na shaba.

Kazi ilikuwa shilingi 25,000, na alituonya tusiifunge garini wala kuipaka rangi kabla ya siku mbili kupita, kwa sababu asetoni iliyobaki ndani huisha polepole na rangi juu yake hutoa malengelenge. Anayetaka kufanya mwenyewe anunue asetoni safi kwenye duka la rangi. Ile ya kuondolea rangi ya kucha mara nyingi imechanganywa na vitu vingine. Afanye kazi nje, mbali na moto, maana mvuke wake unashika moto haraka.

Jumatano: Arusha, gereji za Unga Limited

Tuliingia Arusha mchana. Mpaka hapo tangu Tanga tulikuwa tumeshatia petroli ya shilingi 200,000 na ushee, jambo ambalo wenye Land Rover hawalizungumzi mbele ya wake zao.

Kwenye mtaa wa Unga Limited kuna mafundi wanaozijua gari hizi kwa kuzigusa tu. Land Rover 109 bado zinafanya kazi ya kubeba watu na mizigo kwenda Simanjiro na vijiji vingine ambako magari mapya hayadumu, kwa hiyo mizoga yake haitupwi: chesesi huku, giaboksi kule, milango imeegemezwa ukutani. Mwili wake ni wa aloi ya alumini, kwa kuwa Land Rover ilipoanza kutengenezwa Solihull mwaka 1948 chuma kilikuwa kinagawiwa kwa mgao Uingereza baada ya vita. Ndiyo maana mizoga ya miaka hamsini bado ina madigadi mazima. Lakini paneli ya rejeta ni ya chuma, na shoo ni ya waya wa chuma uliochovywa zinki, na hivyo viwili huliwa na kutu kabla ya vingine vyote.

Tulionyeshwa shoo nyingi, na hapa afadhali nieleze kwa kirefu, kwa sababu wauzaji wengi huziita zote "ya Land Rover ya zamani" na kuishia hapo. Series II, iliyotoka mwaka 1958, na IIA iliyoifuata mwaka 1961, zina shoo ya waya yenye umbo la herufi T iliyopinduliwa: juu ni nyembamba kwa sababu inapita katikati ya taa mbili, chini inapanuka. Mwishoni mwa miaka ya 1960 taa zilihamishiwa kwenye madigadi, na IIA za mwisho zikapewa shoo ya waya yenye umbo linalokaribia msalaba, kwa kuwa nafasi ya taa ilikuwa imeachwa wazi. Kisha ikaja Series III na plastiki yake. Paneli za rejeta nazo zilibadilika kwa kufuata taa, kwa hiyo shoo ya msalaba haikai kwenye paneli ya T hata ukiibembeleza.

Muuzaji mmoja alikuwa na ya msalaba, nzuri sana, haina hata waya uliopinda, akataka shilingi 120,000 na kuahidi kwamba fundi wake ataikata pembe zote "iingie vizuri". Shemeji alishawishika. Mimi niliweka boksi juu yake: ili ikae, ingebidi kukatwa fremu ya pembeni pande nne, na fremu ndiyo inayozishikilia nyaya zote, ukishaikata unabaki na bamba la waya linalotetemeka kila unapopandisha gia. Shoo iliyopinda lakini ya toleo lako ni afadhali kuliko nzima ya toleo jingine, kwa sababu kupinda kunanyooshwa.

Ya T hapakuwa na hata moja. Mzee mmoja fundi bodi, aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha Land Rover kisicho na gari, alituambia kwamba madereva wa porini huzitoa na kuweka vyuma vya nondo mbele ya rejeta, kwa kuwa waya wa kiwandani hauhimili kusukuma miti. "Na zile zilizotolewa zinakwenda wapi, mzee?" nikamuuliza. Akacheka. "Zinachoma nyama. Mkipita barabara ya Namanga, msitazame magari, tazameni majiko." Tulidhani anatutania. Husimuliwa kweli kwamba wenye Land Rover za waya walikuwa wakifungua shoo na kuchomea nyama porini, na kwamba ile ya plastiki ilipoletwa walilalamika kwa sababu hiyohiyo, lakini hatukutegemea kuipanga safari yetu kwa kisa hicho.

Pikapu tuliiacha kwenye yadi ya mzee huyo, naye hakutaka malipo ya ulinzi.

Alhamisi na Ijumaa: Nairobi

Basi dogo la Arusha hadi Nairobi lilikuwa shilingi 35,000. Namanga maofisa wa nchi mbili wako katika jengo moja, kwa hiyo unagongewa mihuri ya kutoka na ya kuingia bila kuhama foleni mbali. Beba pasipoti na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, maana sisi tuliulizwa. Fedha tulibadilisha dukani, si kwa vijana wanaokimbilia madirishani.

Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi bado wanaiita Grogan, ina spea za kila gari lililowahi kukanyaga Afrika Mashariki. Tulizunguka kutwa nzima. Dukani kwa dada mmoja aliyekuwa na daftari la spea za Land Rover lililoandikwa kwa mkono tulipata jibu la uhakika: shoo mpya za T, za waya uliochovywa zinki, bado zinatengenezwa Uingereza kwa ajili ya wanaofufua magari haya, na angeweza kuagiza, lakini pamoja na usafiri na ushuru ingefika shilingi 22,000 za Kenya na kuchukua wiki kadhaa. Kwa asiye na haraka na mwenye fedha, hiyo ndiyo njia nyoofu, na wala simcheki atakayeifuata. Sisi tulikuwa na pikapu inayotusubiri Arusha na boksi lenye umbo la T mkononi.

Chumba karibu na River Road kilikuwa shilingi 1,500 za Kenya, ugali na matumbo na sukuma wiki 200.

Ijumaa asubuhi tulikwenda Kamukunji, kwa mafundi wa jua kali wanaotengeneza masanduku, majiko na karai kwa nyundo na mikono. Sauti ya pale haihitaji kuelezwa kwa anayeijua na haiaminiki kwa asiyeijua. Tulizungumza kwa kuonyeshana vidole. Kijana mmoja wa wavu alilisoma boksi letu kwa makini, akasema anaweza kusuka shoo mpya kwa waya wa milimita 3 na fremu ya bapa kwa shilingi 6,500 za Kenya, ila angeimaliza Jumanne, na akakiri kwamba nyaya zake zitashikana kwa kulehemu juu kwa juu, wakati za kiwandani zimebanwa kwa umeme hadi zikazama moja ndani ya nyingine. Tofauti hiyo ndiyo inayofanya nakala nyingi ziachie kwenye viungo baada ya miezi michache ya barabara mbaya. Badala ya kuchukua kazi ambayo haiamini, alituuzia mita kadhaa za waya huo na vijiti vya brasi pamoja na boraksi ya kuchomelea, vyote kwa shilingi 900 za Kenya, akatueleza namna ya kuvitumia endapo tungepata shoo ya asili iliyoharibika. Ushauri huo ulikuwa na thamani kuliko mzigo wenyewe.

Jumamosi: Longido

Tulirudi na basi la asubuhi. Baada ya kuvuka Namanga tulianza kutazama majiko, kwanza kwa mzaha, kisha kwa bidii. Longido dereva alisimama abiria wanywe chai, na shemeji akarudi kwenye basi akinivuta mkono bila kusema neno.

Nyuma ya kibanda cha nyama, juu ya nusu pipa lenye makaa, ilikuwa imelazwa shoo ya T. Sehemu pana ilikuwa na mbavu za mbuzi, na sehemu nyembamba, ile inayokaa kati ya taa, ilikuwa imebeba birika. Kona mbili zilikuwa na matundu ya skrubu yaliyoziba kwa masizi. Nilitoa boksi, nikaliinua juu yake bila kugusa, na matundu yote yalikwenda mahali pake. Tulishusha mizigo, basi likaondoka bila sisi.

Mwenye kibanda alikuwa mzee wa Kimaasai ambaye hakuona ajabu yoyote. Tulimwamkia, tukaagiza nyama, tukala, na baada ya kunawa ndipo tukaeleza. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali la haki kabisa: kesho angechomea nyama juu ya nini? Tuliafikiana kwamba tumtengenezee wavu mpya wa ukubwa uleule kwa nondo za milimita 8, usiochovywa zinki wala kupakwa rangi, na juu yake tumpe shilingi 30,000. Zinki ya ile shoo ilikuwa imekwisha kuungua zamani, lakini mpya isingefaa hata kidogo, kwa kuwa zinki ikipata moto mkali hutoa moshi unaomletea mtu homa na baridi usiku.

Fundi wa kuchomelea alikuwa amefunga, na kesho yake ilikuwa Jumapili, kwa hiyo tulilala palepale, chumba shilingi 15,000. Baada ya ibada fundi alifungua karakana kwa ajili yetu, akaumaliza wavu kabla ya alasiri kwa shilingi 40,000. Mzee aliukagua, akauweka juu ya pipa, akaweka na birika lake. Halikukaa, kwa sababu wavu mpya ulikuwa wa mraba. Fundi akaongeza kipande chembamba pembeni bila malipo. Supu tuliyokunywa asubuhi ile mzee hakutuhesabia, na ndiye aliyetutafutia lori la kurudi Arusha.

Jumatatu na Jumanne: Arusha, kazi yenyewe

Mwangani shoo ilionyesha hali yake. Mafuta meusi yalikuwa yameganda kote kwa unene wa milimita 2 hivi, nayo, ajabu, yalikuwa yameikinga na kutu upande wa juu. Chini, mahali makaa yalipozoea kurundikwa, nyaya zilikuwa zimelegea kwa joto la miaka na kubonyea kama sentimita 3, na nyaya tano zilikuwa zimekatika. Fremu ilikuwa imepinda kona moja tu.

Fundi bodi mzee alituambia tusiguse kwa nyundo kabla haijawa safi. Tuliilaza kwenye beseni la plastiki lenye maji na kostiki soda (shilingi 4,000) usiku kucha, tukiwa na glavu na miwani, maana kostiki inakula ngozi na jicho bila kubagua, na isikaribishwe kwenye alumini yoyote ya gari. Asubuhi mafuta yalitoka kwa brashi ya waya na maji mengi.

Kunyoosha hakukufanywa kwa kupiga waya mmojammoja. Mzee alichukua plaiwudi nene, akachora umbo la boksi letu juu yake, akapigilia misumari kuzunguka fremu ili isihame, akalaza shoo uso chini, akaweka ubao wa mninga juu ya mahali palipobonyea, na kuugonga ubao kwa nyundo ya mpira, kidogo kidogo, akiinua kila mara kupima kwa rula ya chuma. Waya uliolainishwa na moto unarudi kwa urahisi, na kwa urahisi huohuo unapitiliza.

Kwa nyaya zilizokatika, yule wa Kamukunji na huyu mzee walisema jambo moja ingawa hawajuani: usitumie mashine ya umeme. Waya wa milimita 3 unatobolewa na cheche kabla haujashika. Tulikata vipande vya waya mpya na kuzikwangua zinki ncha zake kwa tupa, kwa sababu ya ule moshi nilioutaja, kisha fundi wa gesi akavichomelea kwa brasi na boraksi. Brasi inayeyuka kwenye joto la chini sana kuliko chuma, kwa hiyo inajipenyeza kwenye kiungo na kukizunguka bila waya wenyewe kuyeyuka. Alianza na viungo vya katikati na kumalizia pembeni, akiruka huku na huku ili joto lisirundikane mahali pamoja na kuipinda kazi iliyokwisha kunyooshwa. Malipo yake yalikuwa shilingi 60,000 pamoja na gesi.

Boraksi ikipoa huganda na kuwa ngumu kama kioo juu ya kiungo. Lazima itolewe kwa maji ya moto na brashi, la sivyo rangi itabanduka nayo baada ya mvua ya kwanza. Watu wengi hulaumu rangi kwa kosa hili.

Kuhusu zinki tuliulizia kuichovya upya. Zinki hiyo huwa imeyeyushwa kwa joto la nyuzi 450 hivi, na wavu mwembamba ulioungwaungwa ungeweza kujipinda tena. Isitoshe, hakuna mwenye beseni la kuchovyea anayependa kupokea kipande kimoja. Tulipaka rangi yenye zinki nyingi, mikono miwili, kwa shilingi 22,000. Haing'ari kama ya kiwandani, lakini rangi yake ya kijivu kilichofifia inafanana na Land Rover iliyozeeka, na sikutaka zaidi ya hapo.

Skrubu, nati na washa za mpira za kuzuia mgongano ziligharimu shilingi 6,000. Tulisafisha paneli ya rejeta kwa msasa na kupaka rangi ileile kuzunguka kila tundu, kisha shoo ikaingia bila kulazimishwa. Ukijumlisha na waya na brasi za Nairobi, imenigharimu shilingi 180,000, ukiacha nauli, malazi na nyama tuliyokula Longido.

Jumatano: kurudi Tanga

Tuliondoka alfajiri na kuingia Tanga usiku. Hedaru tulisimama kumpelekea yule mama dumu la maji la lita 20 na sukari; alitukumbuka kwa sura ya gari, akasema sasa limevaa. Mshale wa joto haukuvuka katikati njia nzima, hata nyuma ya malori.

Shoo ya shemeji imefungwa pia, na mistari ya viungo inaonekana tu jua likiwa la pembeni. Bado nahitaji beji, ile ya umbo la yai yenye maandishi "Solihull, Warwickshire, England", kwa kuwa matundu yake mawili ya ripiti yako wazi. Unga Limited walitaka shilingi 40,000 kwa moja iliyofutika nusu. Nimewaambia nitasubiri.